Tanuri la Mwaisha Lawaka Tena Mikindani

Adhana ya alfajiri bado haijasikika, lakini kichochoro kinachopanda kutoka sokoni Mikindani tayari kinanukia mkate. Mwaisha Nuhu, mama wa miaka arobaini na saba, anaingiza ubao mrefu ndani ya tanuri na kuutoa ukiwa na mikate sita iliyoiva.

"Usiguse, utaungua," anamwambia mwandishi huku akicheka. "Iache ipoe kwanza."

Miaka miwili iliyopita, mahali hapa palikuwa na rundo la matofali na matope. Mvua kubwa iliangusha ukuta wa banda, ukuta ukaliponda tanuri aliloachiwa na mama mkwe wake, na unga wote ukalowa.

"Unga sikuulilia," anasema. "Kilichoniliza ni wateja wangu. Walikuja asubuhi kama kawaida, wakaangalia, wakageuka wakaondoka mikono mitupu."

Akawa kibarua wa kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja karibu na Bandari ya Mtwara, kwa shilingi elfu nne kwa siku. Kisha kwenye mkutano wa mtaa, afisa maendeleo ya jamii akatangaza kuwa halmashauri inatoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake. Mwaisha akakusanya wenzake wanne. Wakaomba, wakapata shilingi milioni nane.

Siku pesa zilipoingia, kikundi nusura kivunjike. Wawili walitaka zigawanywe, kila mtu ashike yake. Mwaisha aliona vigumu kuwakatalia, maana alijua hali ya nyumba zao.

Aliyezungumza ni Happiness Mikaeli, mjane ambaye mwanawe, Innocent, alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa sare na madaftari.

"Mimi ndiye mwenye shida kuliko nyie wote, na mimi nasema tusigawane," aliwaambia. "Tukigawana, mwezi ujao tutakuwa tunaombana chumvi. Tujenge tanuri, Dada Mwaisha atufundishe kazi."

Hakuna aliyempinga. Matofali waliyabeba wenyewe vichwani. Mikate yao ya kwanza ilitoka migumu, wakaila wenyewe na chai, wakichekana. Wiki iliyofuata wateja walianza kurudi.

Leo wanaoka mikate mia nne kwa siku, na mingi inakwenda kwa wapakiaji wa bandarini. Wakishaweka kando rejesho la mkopo, kila mmoja huenda nyumbani na shilingi elfu kumi na mbili hivi kila siku. Innocent yuko kidato cha tatu.

"Mwanzoni alikuwa ananirudisha nikande upya kila siku," anasema Happiness akimtazama Mwaisha. "Siku hizi ananiachia tanuri na kwenda harusini!"

Mwaisha anajifuta unga viganjani, uso umekunjuka.

"Watu wanasema tumesaidiwa. Sawa, tunashukuru. Lakini tumekopeshwa, na tunarudisha. Hatujachelewesha hata mwezi mmoja. Uandike hivyo hivyo."

Deni likiisha, wanataka kujenga tanuri la pili Mahurunga, jirani na Mto Ruvuma, alikozaliwa Mwaisha. Kiwanja wameshapata, na wanawake wawili wa huko wameanza kuja kujifunza.

"Mimi nimekua nikijua mkate ni kitu kikavu, lazima uchovye ndipo utafune, kwa sababu ulitufikia umeshalala njiani," anasema. "Nataka watoto wa kwetu waununue bado unawachoma mikono."