Sheria ya Mtu Mmoja

Watu wakiniambia "serikali imeamua", huwa nawauliza: serikali ipi? Mimi naijua kuliko wengi wao, maana ilijaribu kunifukuza na ikashindwa. Katika vitabu vya sheria za Marekani imo sheria yangu mimi, mistari minane, isiyomhusu mtu mwingine yeyote duniani. Bila mpishi mmoja mbishi kupindukia, hata herufi yake ya kwanza isingeandikwa.

Jina lake lilikuwa Verna Koskela. Wazazi wake walitoka Ufini, yeye akazaliwa kwenye migodi ya shaba kaskazini mwa Michigan, akaolewa na mchimbaji, akafiwa naye. Watoto hakujaliwa. Alipangisha vyumba, na kila alfajiri aliwafungia wapangaji wake pasti za kwenda nazo mgodini, mkate uliokunjwa ukajazwa nyama na viazi. Mmoja wa wapangaji hao alikuwa mjomba wangu Lambros, Mgiriki, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua. Verna alipopanga vitu vyake sandukuni alikuta barua zangu, akampelekea padri wa Kigiriki amsomee. Ndipo alipojua kwamba kule milimani Ugiriki kuna msichana ambaye bibi yake amekufa na hana mtu mwingine. Akaniandikia maneno matatu tu: "Njoo. Kitanda kipo."

Makaratasi yalichukua miezi minane. Nilifika kwa kibali cha matembezi, nikiwa na miaka kumi na minne na miezi mitano. Miezi hiyo mitano ndiyo iliyotaka kunimaliza.

"Mtoto wa kigeni anayeasiliwa anatakiwa awe hajatimiza miaka kumi na minne," alisema Bwana Ferris wa ofisi ya uhamiaji, bila hata kunitazama. "Huyu amepitiliza. Kisheria si mwanao. Aondoke kabla ya tarehe thelathini Aprili."

"Aende kwa nani?" Verna aliuliza.

"Hilo halimo kwenye fomu, mama. Mimi situngi sheria, natekeleza tu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Verna alikuwa akimwigiza kwa sauti ya puani. "Natekeleza tu! Kama jiko! Ukiweka uji linachemsha, ukiweka mtoto linachemsha!" Mimi nilikuwa sijui Kiingereza cha kutosha kucheka. Nilichoelewa ni Aprili.

Akaenda mahakamani. Jaji wa shirikisho alikuwa mzee mpole, alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Bi Koskela, sheria hii ina ukali, lakini iko wazi."

"Basi ifute, Mheshimiwa. Kalamu si hiyo hapo?"

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. "Ningeifuta kama ingepingana na Katiba. Haipingani. Kuwa kali peke yake hakunipi mimi ruhusa. Leo nikiandika upya sheria nisizozipenda, kesho atakaa hapa jaji mwingine aandike upya zile unazozipenda wewe."

"Sasa nani anaweza?"

"Walioiandika."

"Wanakaa wapi?"

Hapo watu walicheka mpaka karani akagonga meza. "Washington, mama," jaji alisema. "Na mlango wao hufunguliwa."

Nilimchukia yule mzee kwa wiki nzima. Verna hakumchukia. Alisema afadhali yeye amemwonyesha njia.

Mbunge wa wilaya yetu alijibu barua ya nne, si ya kwanza. Akaeleza kwamba Bunge linaweza kutunga sheria kwa ajili ya mtu mmoja, na kwamba atauleta mswada wangu. Kamati ilipoanza kuuliza habari zangu, ofisi ya uhamiaji ikaliweka faili langu pembeni lisubiri, na Aprili ikapita nikiwa bado namenya viazi jikoni kwa Verna. Lakini kusubiri si kubaki. Mswada ukianguka, ningerudishwa kwenye nyumba isiyo na mtu.

Miswada ya watu mmoja mmoja husomwa kwenye Baraza la Wawakilishi Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Hakuna hotuba. Karani anautaja, na wajumbe wawili wakisimama kupinga, mswada unarudi ulikotoka. Mmoja hatoshi, ni lazima wawe wawili. Na kuna wajumbe ambao vyama vyao vimewapa hasa kazi hiyo, kuisoma miswada hiyo yote na kusimama.

Tulikwenda kwa treni siku mbili, na sanduku la pasti. Tukakaa roshani ya wageni, ambako hairuhusiwi kupiga makofi wala kusema. Karani alilisoma jina langu kama mtu anayetafuna mfupa. Wakasimama wawili: mzee Thackston, na nyuma yake kijana mmoja, Ambler. Ilichukua muda wa kupiga chafya mara mbili. Nilivuka bahari, na watu wawili wakanirudisha kwa kusimama tu! Hasira ile ninayo mpaka leo.

Verna naye akasimama.

"Kaa chini, mama," mlinzi alinong'ona.

"Na mimi napinga."

"Mgeni hapingi hapa."

"Ndiyo maana nimesimama kimya."

Tukatolewa nje. Akauliza njia ya ofisi ya Thackston, tukakaa kwenye ukumbi wake tangu saa sita mchana mpaka saa kumi, tukila pasti juu ya kiti chake cha ngozi. Mwisho wake alitukaribisha ndani.

"Sina chuki na binti yako," Thackston alisema. "Lakini nikimpitisha huyu, kuna wengine elfu nyuma yake wasiomjua mbunge wala mpishi jasiri. Sheria ikiwa mbaya, ibadilishwe kwa wote."

"Ibadilishe basi. Mimi nimekuzuia?"

"Itachukua miaka."

"Na yeye miaka hiyo akae wapi, mfukoni mwako?"

Mzee akatabasamu kidogo. "Nitasimama tena, Bi Koskela. Nakuambia mapema."

"Simama. Angalau wewe unajua unasimamia nini."

Kisha tukaenda kwa Ambler. Huyu hakutuweka, alikuja mwenyewe mlangoni, mwekundu shingoni. Verna hakuketi.

"Mwenzako amenieleza sababu zake," alimwambia. "Nimezikataa, lakini nimezisikia. Wewe zako ni zipi?"

Ambler akafungua faili, akalifunga. "Kwa desturi, mama, tunasaidiana. Yeye akisimama..."

"Nawe unasimama."

"Kanuni inataka wawili."

"Najua inataka wawili! Inataka watu wawili waliofikiri. Haitaki mtu na kivuli chake."

Nikaona aibu, nikamvuta mkono. Akanipokonya mkono wake. Ambler alinitazama mimi, akaniuliza umri wangu. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kibovu kwamba nimezidi kwa miezi mitano. Akalifungua tena faili lake, na sisi tukarudi kaskazini.

Mbunge wetu akaleta mswada mpya. Agosti tukapanda treni tena, roshani ileile, na mlinzi yuleyule akamtazama Verna kwa jicho la onyo. Karani alilitafuna jina langu. Thackston akasimama, kama alivyoahidi. Akageuka nyuma. Ambler alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na kamba ile ilifungwa polepole kuliko kamba yoyote niliyowahi kuona.

"Napinga," Thackston alisema peke yake.

Mmoja hatoshi. Mswada ukapita. Verna alinifinya paja ili nisipige kelele, na mimi nikamfinya lake, tukatoka tukichechemea.

Seneti iliupitisha ndani ya fungu la miswada mingine, bila mtu kukohoa. Tukadhani tumemaliza. Kumbe bado Ikulu. Rais ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi. Akinyamaza Bunge likiwa bado linakaa, mswada unakuwa sheria. Akinyamaza Bunge likiwa limeshafunga na kwenda nyumbani, mswada unakufa, na hakuna wa kumuuliza. Siku ya pili baada ya mswada kufika mezani kwake, Bunge likafunga. Tena mbunge wetu alituandikia kwamba wakubwa wa ofisi ya uhamiaji wamemshauri Rais asiutie sahihi.

"Kwani huyo Rais si ndiye mkubwa wa Ferris?" nilimuuliza Verna.

"Ndiye. Kwa hiyo sahihi yake ndiyo Ferris hawezi kuibishia."

Alisema hivyo, lakini unga wa siku hiyo aliutia chumvi mara mbili. Kila asubuhi alichora mstari wa chaki kwenye pipa la unga. Jumapili hakuchora. "Leo hata yeye hatuwezi," alisema, na siku hiyo tu ndiyo alikula vizuri. Mistari ikafika saba, ikafika minane. Niliogopa kuliko nilivyoogopa vita kule kwetu Ugiriki. Nilikwisha kufunga sanduku langu, naye akalifungua, akazirudisha nguo kabatini.

Siku ya mstari wa tisa ikaja telegramu kutoka kwa mbunge: Rais ametia sahihi.

Nakala ilipofika, Verna alivaa koti lake la kanisani, akanishika mkono, tukaenda kwa Bwana Ferris. Akaiweka juu ya meza, juu ya karatasi zote alizokuwa akiandika.

"Ulisema hutungi, unatekeleza."

"Ndiyo, mama." Ferris akaanza kuisoma kimyakimya.

"Kwa sauti."

"Mama, si kawaida..."

"Hata sheria yenyewe si ya kawaida. Soma."

Akakohoa, akasoma kwamba kwa mujibu wa sheria hii Stamatia Zervou atachukuliwa na kuhesabiwa kuwa mtoto wa kumzaa wa Verna Koskela, raia wa Marekani.

"Rudia hapo pa kumzaa."

Akarudia, safari hii akinitazama. Nililia mbele ya makarani wote, sikujali. Verna hakulia. Alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Sasa toa fomu yako," mama yangu alimwambia, "uandike aende kwa nani."

Bwana Ferris akachukua kalamu, akaandika.