Meza Ambayo Fusae Hakuipitia

Mwalimu Fusae Nukaga alifundisha darasa dogo la watoto wazito wa kujifunza, na mwalimu mkuu alitaka kulifunga, watoto wapelekwe madarasa ya kawaida. Darasa lile ndilo lilikuwa roho yake. Likifungwa, alijua fika, mtoto kama Soji, aliyeanza kusoma kwa sauti juzijuzi tu, angerudi kuwa bubu.

Sasa, kikao cha walimu wa Japani si mahali pa kubishana. Mambo huivishwa mapema. Unapita meza kwa meza na chai yako mkononi, unamnong'oneza huyu, unambembeleza yule, hata siku ikifika ni kutikisa vichwa tu. Fusae alipita kwelikweli. Hata yule mwalimu mzee mwenye kisirani wa darasa la sita, Fusae alivumilia kusikiliza habari za maumivu ya mgongo wake mpaka mzee akakubali.

Meza moja tu hakuifikia: ya Shizuno Kuwabara, iliyotazamana na yake. Ya nini? Shoga yake wa kufa na kuzikana! Yule ni wangu, alijisemea.

Kikaoni, mkuu alipouliza kama kuna mwenye neno, Shizuno aliinamisha kichwa. "Samahani," akasema kwa upole. "Mimi jambo hili ndiyo kwanza nalisikia."

Lo! Chumba kikapoa. Walioahidi kumuunga mkono Fusae wakatazama vikombe vyao. Mkuu akaahirisha uamuzi hadi mwezi ujao.

Walipobaki wawili, Fusae alimgeukia kwa hasira. "Umeniua, Mwalimu Kuwabara. Si ungenyamaza tu?"

"Leo nimekuwa Mwalimu Kuwabara?" Shizuno akasema. "Kila siku unamlaumu mkuu kwamba anaamua bila kutuuliza. Na wewe je?"

"Nilijua tuko pamoja."

"Hatuko pamoja." Machozi yalimlenga Shizuno. "Kila mchana Soji anakuja kwenye dirisha la darasa langu kutazama wenzake wakila. Nikimwona, anajificha. Ungeniuliza ningekwambia."

 Fusae aliona aibu, ile ya kushindwa hata kuinua uso. Mwishowe akavuta kiti mpaka kwenye meza ya mwenzake, akamwomba amweleze yote.

Mwezi uliofuata walipeleka ombi moja: darasa libaki, ila mchana watoto wakale na wenzao. Likapita. Siku ya kwanza Soji alibeba sahani yake akatoka mbio, hakugeuka nyuma hata mara moja, na Fusae akala peke yake.