Trekta la Baba na Kaka Muuza Magodoro

Mimi kuambiwa nimeua kitu sipendi. Niambie nimechelewa, niambie nina mdomo, hayo nimeyazoea tangu utotoni. Lakini usije ukasimama katikati ya shamba na viatu vyako vya mjini, majirani wote wametoa macho, ukaninyooshea kidole na kupaza sauti: "Dizeli, umeliua trekta la Baba!" Ala! Nusura siku ile nimpake Kaka grisi uso mzima.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hasira zikinipanda huwa naanzia mwisho.

Dizeli ndiye mimi. Jina la kuzaliwa ninalo, ila halina anayelitumia. Mume niliyekuwa naye alisema kulala na mimi ni sawa na kulala kwenye kituo cha mafuta, akaenda zake kwa mwanamke anayenukia. Heri yake na heri yangu. Mimi nikabaki na trekta. Ni dogo, la silinda tatu, boneti yake inanifika kifuani, lakini linapita mahali ambapo yale makubwa hayawezi hata kugeuka: kati ya uzio na uzio, nyuma ya nyumba za watu, kwenye vipande vya wajane ambavyo hakuna mwenye trekta kubwa anayejisumbua navyo. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ndiyo inayotulisha mimi na Mama.

Baba alilinunua kuukuu akanifundisha mimi, kwa sababu Kaka alikuwa anaogopa kuchafua kucha. Na Baba hakuwa mwalimu wa maneno. Yeye anafanya, wewe unatazama. Ukiuliza, anakujibu, "Macho umepewa ya nini?" Basi nilitazama. Nilitazama miaka na miaka mpaka nikawa nalijua lile trekta kuliko ninavyojijua mwenyewe, au ndivyo nilivyojidanganya.

Baba akafariki wakati wa kiangazi. Matanga hayajapoa, Kaka akaanza. Kaka anauza magodoro mjini. Anawalaza watu wa kule vizuri, halafu anakuja huku kutunyima sisi usingizi. Akasema mkubwa ni yeye, chuma kile kimezeeka, kiuzwe apate kununua pikapu ya kubebea magodoro yake. Nikamwambia auze meno yake. Tukagombana siku nzima, Mama kakaa kwenye kigoda anachambua maharage, hatii neno. Mama yangu ndivyo alivyo. Watu wanadhani hana la kusema, na hata mimi wakati mwingine huwa nadhani hivyo, Mungu anisamehe.

Mwishowe tukakubaliana, na Mama akiwa shahidi: nilifanyie trekta sevisi, halafu nilime shamba la Mama lote Kaka akiangalia. Likimaliza bila kusumbua, linabaki. Likisumbua, linauzwa.

Basi nikalifanyia sevisi mimi mwenyewe, hapo uani, kama nilivyomwona Baba akifanya. Nikamwaga oili chafu, nikatia mpya. Nikabadili filta ya oili na filta ya dizeli, nikakung'uta filta ya hewa, nikapiga grisi kila mahali panapotaka grisi. Ukishabadili filta ya dizeli lazima utoe hewa iliyoingia kwenye paipu, kwa hiyo nikalegeza skrubu, nikapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka safi. Nikajaza tangi hadi juu. Nikawasha, likaunguruma vizuri mpaka raha.

Nilipozima, Mama akaja na ndoo na sabuni. Kuliosha trekta baada ya sevisi ni kazi ya Mama tangu enzi za Baba. Analisugua hadi nyuma ya masikio, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kazi yangu mimi wakati huo ni kufuta spana na kuzirudisha stoo. Na Baba naye alikuwa na yake: likishakauka analizunguka polepole, anagusa hapa, anagusa pale, halafu anasema, "Haya." Safari hii hapakuwa na mtu wa kulizunguka, basi sisi tukaingia ndani kula.

Kesho yake asubuhi Kaka akaja na kiti chake, akakaa chini ya kivuli cha ukuta kama mtu aliyelipia kiingilio. Nikateremsha plau, nikaanza. Mistari ya mwanzo ilinyooka mpaka jirani akapiga mbinja. Halafu nikasikia kitu. Mlio ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Trekta likaanza kukohoa, likatikisika mpaka kiti kikanipiga mgongoni, moshi ukatoka mweupe wa vipande vipande, likazima.

Nikalisubiri kidogo, nikawasha. Likawaka! Likaenda mistari michache, likakohoa, likazima tena. Hapo ndipo Kaka aliponyanyuka na viatu vyake na kidole chake na ile sauti yake. Umeliua trekta la Baba. Yeye ambaye hajawahi kulijazia hata maji!

"Kaka," nikamwambia, "ondoka mbele yangu kabla sijakukanyaga nalo."

"Utanikanyaga nalo vipi, na haliendi?"

Majirani wakacheka, na mimi roho iliniuma zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mchana akamleta Fundi Kesho. Jina hilo fundi kalichuma mwenyewe, hakuna mtu aliyewahi kupeleka kitu kwake akaambiwa leo. Alisimama mbali, mikono mfukoni, akasikiliza trekta likikohoa, akatikisa kichwa kama daktari. "Nozeli za kupulizia dizeli zimekufa. Na pampu nayo iko njiani."

"Umeziona wapi? Hata boneti hujafungua!"

"Dada, mimi nasikia kwa masikio."

"Basi hayo masikio nitayakaza kwa spana namba kumi na saba uyasikie vizuri!"

Kaka akanishika mkono. Akaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Kuanzia sasa usiliguse. Wewe ni dereva, wewe si fundi. Mnunuzi anakuja Jumamosi, atalichukua na ubovu wake." Halafu akaondoka na Fundi Kesho wakiongea taratibu, kama watu waliotoka kuona mgonjwa.

Nisiliguse? Nyoo! Walipopinda kona tu nikaifungua boneti.

Nikaanza na hewa, maana sevisi ikishapita, hewa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Nikalegeza skrubu, nikapampu. Mapovu hakuna, lakini dizeli yenyewe ilikuwa inakuja kwa kujivuta, kama mtu anayeitwa kulipa deni. Nikasema basi paipu imeziba. Nikaichomoa, nikaipuliza kwa mdomo kurudisha kwenye tangi mpaka mafuta yakabubujika na mimi nikameza kidogo. Safi, haina hata unyuzi. Nikarudishia, nikawasha, nikalima. Likaenda! Likaenda vizuri kupita asubuhi, nikapiga vigelegele peke yangu shambani kama mwendawazimu. Ndipo likakohoa. Likazima.

Nikalipiga teke tairi. Tairi halikuumia, kidole changu ndicho kilichoumia. Nikakaa chini kwenye tuta nikalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Nilimkasirikia Kaka, nikamkasirikia fundi, nikamkasirikia hata marehemu. Baba, ulinifundisha nini mimi? Macho umepewa ya nini, macho umepewa ya nini! Haya, macho ninayo, mbona sioni?

Nikaingia jikoni nachechemea. Mama alikuwa anatengeneza chai. Alichukua kopo la maziwa, akalitoboa kwa msumari, akaliinamisha juu ya sufuria. Likatoa tone, likatoa tone la pili, likagoma. Mama akalisimamisha, akatoboa tundu jingine upande wa pili, akainamisha tena, na maziwa yakatiririka yenyewe.

"Mama, kwa nini umetoboa mara mbili?"

Akanitazama kama ninauliza jua linatokea wapi. "Moja la kutoka maziwa, moja la kuingia hewa. Kopo lisipopumua litamwaga nini?"

Sikuingoja hiyo chai. Nilikimbia na kidole changu kibovu mpaka kwenye trekta, nikashika kifuniko cha tangi. Kifuniko kile kina kitundu kidogo juu, mafuta yakipungua hewa inaingia hapo kujaza nafasi. Nikakizungusha. Kilikuwa kigumu, kimejivuta chini, halafu kikatoa sauti: fyuuuu! Tangi lilivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Na chini ya kifuniko, juu ya mdomo wa tangi, kulikuwa na kipande cha nailoni ya bluu, kimebonyea kwa ndani, kimekatwa mviringo safi kwa mkasi.

Nani? Damu ilinichemka. Nikajua ni Kaka. Nani mwingine? Nikarudi jikoni nimeishika ile nailoni juu: "Mama, mwanao mchawi! Angalia alichonifanyia!"

Mama akaitazama. Akaepua sufuria. "Hiyo nimeiweka mimi," akasema.

Mkono wangu uliokuwa juu ukashuka na nailoni yake.

"Nikiosha huwa naweka, maji yasipenye kwenye kile kitundu. Baba yenu ndiye aliyeniambia, tangu lilipofika hapa. Kila sevisi nakata mpya."

"Na ukishaosha, Mama, nani anaitoa?"

Akafikiri. Nikamwona akifikiri, na uso ukambadilika taratibu. "Mimi kazi yangu ilikuwa kuweka," akasema. "Sikuwahi kujiuliza ya zamani ilikwenda wapi."

Sote tukamwona marehemu analizunguka trekta, anagusa hapa, anagusa pale. Haya. Miaka yote ile mimi nilikuwa stoo nafuta spana, Mama anamwaga maji machafu, na yeye anatoa nailoni anaitia mfukoni, hamwambii mtu. Mama akakaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikatamani kumfufua yule mzee nimgombeze vizuri, halafu nimkumbatie.

Bila nailoni trekta lililima jioni ile bila kukohoa hata mara moja. Nikampigia Kaka simu nikamweleza yote. Unajua alijibu nini? Alicheka! "Vizuri sana, Dizeli. Basi sasa limepona, bei itapanda."

"Bei gani? Tulikubaliana likilima linabaki!"

"Tulikubaliana likisumbua linauzwa. Limesumbua, halikusumbua? Majirani wameona. Jumamosi iko palepale."

Nikamtukana tusi ambalo sikujua kama ninalo. Akakata simu. Mama alikuwa amekaa mlangoni, amesikia kila kitu. Nikamgeukia hata yeye: "Na wewe Mama, hivi utanyamaza mpaka lini?" Akanyanyuka akaenda kulala. Nilijiona mtoto asiye na adabu, lakini hasira zilikuwa pale pale.

Jumamosi mnunuzi akaja, mtu mnene mwenye heshima zake, na Kaka pembeni anamsifia trekta kama bibi harusi. Mama alikuwa ametangulia kuamka, kaliosha upya likang'aa. Mnunuzi akataka kulijaribu mwenyewe shambani. Akapanda, akawasha, likaunguruma vizuri, akaelekea kwenye ule upande uliobaki. Kaka akanikonyeza. Mimi nikatazama chini nisije nikafanya mauaji.

Ndipo niliposikia mlio ukipanda. Ukashuka. Ukapanda tena.

Kikohozi kile nakijua. Nikainua kichwa nikamtafuta Mama. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, ndoo tupu mkononi, anamtazama mnunuzi akitikiswa juu ya kiti, ametulia kama mtu anayetazama mvua. Mimi, mdomo huu usiojua breki, niliufunga. Niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi.

Likazima. Akawasha, likaenda kidogo, likazima tena, safari hii katikati ya matuta. Mnunuzi akashuka anahema, akatembea kurudi, viatu vimejaa udongo. "Bwana mkubwa," akamwambia Kaka, "umeniita kutoka mbali kunionyesha kaburi?"

"Dizeli!" Kaka akapiga kelele. "Fanya kitu!"

"Nifanye nini, Kaka? Si ulisema mimi dereva, si fundi?"

Mnunuzi akaingia kwenye gari lake akaondoka, na Kaka kabaki amesimama kwenye vumbi. Uso wake ulikuwa umevimba. "Sitaki kulisikia tena hili trekta! Kaeni nalo, lioze nanyi!"

Mama akasogea. "Sema tena," akasema.

"Nimesema kaeni nalo! Ni lenu!"

"Haya," Mama akasema.

Kaka aliondoka bila kuaga. Vumbi lake lilipotulia nikaenda shambani, Mama nyuma yangu, tukafika kwenye trekta. Nikanyoosha mkono kwenye kifuniko lakini nilikuwa nacheka na kulia pamoja, hata nguvu za kukizungusha sina.

Mama akanisubiri nitulie. "Kuweka ni kazi yangu," akaniambia. "Kutoa sasa ni yako. Na usinipigie kelele tena."

Nikafungua. Fyuuuu. Nikaitia ile nailoni mfukoni, nikapanda kitini, nikamalizia shamba lake.