Siku Niliyowapungia Mkono Kutoka Bungeni

Jamani, mkisikia watu wanasema Bhoke aliuza chemchemi ya kijiji kwa kupunga mkono, msibishane nao sana, maana mkono nilipunga kweli, tena kwa nguvu, tena meno yote nje, na nchi nzima ikaniona. Mpaka leo nikikumbuka uso unanichoma. Ngoja niwasimulie mimi mwenyewe, kwa sababu wanaosimulia wengine wanatia chumvi (eti nilikuwa nimevaa cheni ya dhahabu, cheni gani, mimi ambaye hata hereni zangu nilinunua mnadani?).

Ilikuwa hivi. Kile kipindi cha dhahabu, kilichotuletea watu kutoka Geita, Kahama, mpaka wengine waliovuka mpaka wa Kenya pale Sirari na Kiswahili chao cha kule, vijana walifungua mwalo juu ya chemchemi yetu. Mwalo ni pale wanapoosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki, na yale maji machafu yakishamaliza kazi yao huko juu yanateremka wapi? Kwetu. Maji tuliyokuwa tunakunywaga tangu enzi za bibi zetu yakageuka rangi ya chai ya maziwa, watoto wakaanza kutoka vipele, jirani yangu Nyangi akafiwa na mtamba mwenye mimba, mimi nikafiwa na ng'ombe wawili, na maji mengine ni ya mtoni, mbali kiasi kwamba ukitoka alfajiri unarudi wenzako wameshatoka shamba. Tukaunda kamati ya maji, mimi nikachaguliwa mwenyekiti (kwa sababu nina mdomo, sikatai), Nyangi akawa katibu, tukaenda wilayani mpaka viatu vikaisha soli. Mwisho mbunge wetu akatuambia, "Mama zangu, hili nitaliuliza Bungeni, na ninyi wawili mtakuja Dodoma mkae pale juu kwa wageni. Naibu Waziri akinisomea majibu ya kwenye karatasi, kwenye swali la nyongeza nitamwambia wenye chemchemi wale pale, awaangalie usoni."

Silaha yetu ilikuwa hiyo. Tukae, tuonekane. Hatukutakiwa kusema wala kufanya kingine chochote. Kukaa tu!

Jioni ya kuamkia siku yenyewe mbunge akatupeleka kumsalimia Naibu Waziri, akamwambia, "Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati yangu ya maji." Nilikuwa nimejifunga kilemba cha rangi ya chungwa nilichoshonewa Tarime mjini kwa ajili ya safari hiyo. Yule bwana akacheka, akasema, "Mama, kwa kilemba hicho mimi nitakuona hata umeme ukikatika." Mjinga mimi nikafurahi mpaka usingizi ukachelewa.

Asubuhi, kabla hawajatuchukulia simu pale getini, nikapiga nyumbani. Aliyepokea ni Salum, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale senta, ambaye alikuwa ameitoa televisheni yake nje kwenye baraza na kupanga mabenchi ili kijiji kizima kione. Nyuma yake nasikia kelele kama mnadani. "Mama Mwita, watu wamejaa! Mama mkwe wako kaletwa na bodaboda! Hebu tupungie mkono tukuone!" Nikamwambia, "Nitapunga, Salum, waambie nitapunga." Sasa hapo, ndugu zangu, ndipo shetani alipopata kiti.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba wageni hutambulishwa baada ya maswali. Basi tulipomaliza kukaguliwa (wale askari walikipapasa kilemba changu mpaka kikalegea, wakidhani nimeficha nini humo), nikamwambia Nyangi, "Tangulia, mimi napita chooni mara moja." Nyangi akaniangalia. "Bhoke, twende." Nikasema nakuja. Chooni kule kuna kioo kikubwa kama mlango, nami sijawahi kujiona nikiwa mzima hivyo, toka unyayo hadi utosi, basi nikakifunga kilemba, nikakifungua, nikakifunga tena upande, nikageuka kutazama nyuma, jamani, nikapendeza! Kumbe huko ndani aliyekalia kiti cha Spika siku hiyo ameamua kuanza na wageni. Naingia tu, namwona Nyangi upande wa pili anakaa chini. Wageni wa mbunge wetu walikuwa wameshaitwa, na Nyangi alikuwa amesimama peke yake kama mlingoti.

Mhudumu akaniketisha kwenye kiti cha kwanza alichokiona kitupu, katikati ya wanaume waliovaa mashati ya kitenge yanayofanana. Sijakaa vizuri, nasikia sauti kutoka chini: "Tunao pia wachimbaji wadogo kutoka Mkoa wa Mara, ambao wamekuja kuishukuru Serikali kwa kupewa leseni. Karibuni sana, naomba msimame."

Sitaki kuwadanganya kwamba sikusikia. Nilisikia kila neno. Na mmoja wao nilimjua kabisa kwa sura, nilishamwona kwenye mwalo wetu akivuta mpira wa maji. Lakini kamera ilikuwa imegeuka huku juu, na mimi nikawaza baraza la Salum, nikamwaza mama mkwe kwenye benchi na mgongo wake ule, nikawaza watarudi majumbani hawajaniona na safari yote hii. Nikajiambia, dakika moja tu, nani atajua? Wale wanaume wakasimama. Nikasimama. Nikapunga. Kijana wa pembeni yangu akasema kwa furaha, "Safi mama, punga! Kwani na wewe una shimo?"

Nilipokaa, nikageuka upande wa pili. Nikamtazama Nyangi, ameweka kiganja mdomoni.

Maswali yakaanza. Mbunge wetu akasimama akauliza, vizuri kabisa, ni lini Serikali itauondoa ule mwalo ili wananchi wapate maji salama. Naibu Waziri akafika mbele, akafungua karatasi zake, akasoma mambo ya tathmini inaendelea, na elimu inatolewa, mimi huku nasema moyoni, soma baba, soma umalize ukae. Kisha akaacha kusoma. Akanyanyua kichwa, akatazama juu, akanipata. Nilitamani kukivua kile kilemba nikikalie.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "nimwondoe hofu Mheshimiwa Mbunge. Wachimbaji na wananchi wa eneo lile wanaishi kwa maelewano. Hata sasa hivi sote tumeshuhudia mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye jana nilitambulishwa kwake na Mheshimiwa Mbunge mwenyewe, amesimama pamoja na wachimbaji hao kuishukuru Serikali." Meza zikapigwa, pa pa pa pa, ukumbi mzima.

Mungu wangu. Mbunge wetu akasimama kwa swali la nyongeza, na mimi najua alichotaka kusema, maana alitusomea tangu jana: wenye chemchemi wale pale. Akatazama juu. Akamwona Nyangi kule peke yake, akaniona mimi huku nimezungukwa na vitenge, akafungua mdomo ukabaki wazi. Ng'ombe wetu, vipele vya wale watoto, soli zetu zilizoisha wilayani, vyote vilikuwa ndani ya mdomo ule na havitoki. Mbunge mmoja akapiga kelele, "Wenzako wanapunga huko juu!" Wakaangua kicheko.

Nikashindwa kuvumilia. Tulionywa getini, mgeni haruhusiwi kusema hata neno, lakini nilijikuta nimesimama naning'inia kwenye ule ukingo: "Siyo kweli! Mimi siyo wao! Nilikuwa napungia nyumbani!"

Kikafuata kicheko, jamani, kicheko ambacho sijawahi kukisikia hata harusini. Wahudumu wawili wakanishika mikono, bila ukali, wanasema "taratibu mama, taratibu," na huku natolewa nasikia nyuma yangu, "Mgeni huyo atolewe nje. Mheshimiwa Mbunge, naona muda wetu hautoshi, tuendelee na swali linalofuata." Swali linalofuata! La nyongeza halikuulizwa.

Getini nikarudishiwa simu. Ikaanza kuita hapo hapo, ni mume wangu. Yeye si mtu wa maneno mengi. "Bhoke," akasema, "wamekupa nini?" Nikamwambia baba Mwita sijapewa kitu, nimetolewa nje kwa kupiga kelele. Akajibu kelele hazikusikika kwenye televisheni, wameniona nacheka na wenye mwalo, na mama yake amerudishwa nyumbani analia. Kisha akakata.

Mbunge alipotoka hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Mama, kuliuliza tena ni mpaka mkutano mwingine wa Bunge, na hapo tuombe lipangwe." Nyangi naye hakunisemesha njia nzima kutoka Dodoma. Alinunua mahindi ya kuchoma akala peke yake, na mjue huyu ni mtu tuliyegawana naye hadi chumvi ya kijiko.

Tulipofika, mkutano wa kijiji ulikuwa unanisubiri. Njiani nilishatunga uongo wangu mzuri, kwamba mhudumu ndiye aliyenilazimisha kusimama, mimi mtu wa shamba ningebishaje Bungeni? Nimekaa naurudiarudia. Mwenyekiti wa kijiji, mzee ambaye mimi mwenyewe namwamkia shikamoo, akaniuliza mbele ya wote, kwa upole kabisa, "Binti yangu, hebu tuambie. Ulikuwa unampungia nani?"

Nikawatazama. Akina mama wa kamati walikuwa mbele, wengine wameshika watoto wenye ule upele. Salum alikuwa amesimama nyuma, ameinamisha kichwa kwa aibu utadhani yeye ndiye aliyekosa. Uongo wangu wote ukayeyuka.

"Nilikuwa nawapungia ninyi," nikasema. Na machozi yakatoka.

Halafu Nyangi akasimama, kwa mara ya kwanza tangu Dodoma nikasikia sauti yake. "Huyu hajahongwa," akasema. "Mimi nilikuwepo. Alikuwa chooni anajitazama kwenye kioo, akachelewa, akaona kamera. Ni sifa tu. Chemchemi yetu imeondoka kwa sifa." Kuna waliocheka, lakini wengi hawakucheka, na hao ndio walioniumiza. Uenyekiti nikavuliwa siku hiyo hiyo, akapewa Nyangi, na mimi nilinyoosha mkono kumpigia kura.

Tangu siku hiyo mimi hata kanisani, wakisema wageni wasimame, wanakwaya wasimame, wenye shukrani wasimame, nakaa mpaka nitajwe kwa jina langu na la baba yangu. Lakini hilo halimsaidii mtu. Tunasubiri mkutano mwingine wa Bunge, na mwalo uko pale pale unafanya kazi. Kila alfajiri akina mama tunapita pembeni ya chemchemi kwenda kule mtoni mbali, wenzangu mbele wanapiga soga, mimi nyuma, na nikirudi na ndoo kichwani naishika kwa mikono yote miwili, usibaki hata mmoja wa kupunga.