Neno la Siri la Marehemu

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anisikilize. Haya sikusimuliwa. Yamenikuta mimi mwenyewe, mchana, hapa hapa Kilwa Masoko, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kwa kuwa ni mwanamke, nyumba zenye mjane aliye kwenye eda huniita mimi, maana mjane wa eda hachanganyiki na wanaume wa kando. Ndivyo nilivyofika kwa Bi Zuhura, mumewe akiwa ndiyo kwanza kazikwa. Yule mume sikuwahi kumwona, lakini sifa zake nilizijua. Mungu anisamehe, alikuwa kama ganda la korosho mbichi, ukimgusa anakubabua. Alimkana mwanawe wa pekee, Idrisa, kwa kuoa bila idhini, akamkataza na mama mtu asizungumze naye. Kafa hivyo hivyo, radhi hakutoa. Idrisa yuko Maskati, analia usiku na mchana. Bi Zuhura alitaka jambo moja tu: amwone mwanawe kwenye kompyuta, amwambie, "Mimi mama yako nimekuridhia."

Kompyuta iliiona ruta ya intaneti lakini haikuunganika. Nikaizima ruta, nikachomoa waya, nikasubiri, nikawasha. Taa zote sawa. Nikaandika neno la siri lililobandikwa chini yake, nikajibiwa si sahihi. Nikarudia, wapi. Marehemu alikuwa amelibadilisha.

Bi Zuhura alikuwa chumbani anaswali alasiri. Nikavua kibanio cha nywele nibonyeze kile kitundu cha nyuma kinachoifanya ruta isahau kila kitu. Nikasita. Ikisahau na mipangilio ya kampuni, itabidi tuwangoje mafundi wao kutoka Lindi, na hao ukiwaita leo, shika tasbihi.

"Usibonyeze. Neno la siri ninalo."

Mzee wa kanzu alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbini. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikasema moyoni, huyu shemeji wa watu ana jeuri. Sasa nikuulize wewe: shemeji anatafuta nini ndani ya nyumba ya eda? Mimi sikujiuliza, nilitaka kazi iishe. Akanitajia herufi moja moja, nikaandika, ikashika papo hapo. Nilipoziunganisha kichwani nikapata: sinamtoto.

Bi Zuhura akatoka, nikampigia Idrisa, sura ikaja. Mama alilia, akanyoosha mkono akashika kioo. Kabla hajatamka neno, Idrisa akatazama juu ya bega la mama yake, uso ukamkauka.

"Baba," akasema. "Nisamehe."

Nyuma yetu sauti ile ile ikajibu, taratibu kabisa: "Sina mtoto. Na wewe huna mama."

Kugeuka, kiti kitupu. Idrisa bado alikuwa anatutazama, katulia, mwenye adabu zake.

"Shikamoo bibi," akamwambia mama yake mzazi. "Samahani, unamtafuta nani?"

Ruta niliibonyeza baadaye mpaka kibanio kikakatika. Dua zimesomwa, makombe ya aya za Kurani yamenywewa. Mkewe Idrisa anasema mumewe mzima, anawakumbuka wote, hata kungwi wa jandoni. Mama tu ndiye hamjui.

Kwa hiyo wewe fundi, na wewe unayemwita fundi, nakuonya. Ukiingia nyumba ya eda ukamkuta mwanamume ameketi, usipokee kitu kinywani mwake, hata kiwe ndicho unachokitafuta. Toka nje, muulize mwenye nyumba kwanza.

Bi Zuhura eda imekwisha. Kila Ijumaa ananiita nimpigie Idrisa, nami uso wa kukataa sina. Kijana anapokea, anasalimia, anasikiliza mpaka mwisho. Ijumaa iliyopita alimkatiza, kwa upole.

"Bibi, nakuonea huruma," akasema, "lakini usinipigie tena. Mama yangu alishakufa."