Damian na Njia ya Chini ya Kibanja

Kaka yangu Damian ana kichwa kigumu, na nasema hivyo nikimpenda. Alirudi kijijini kwetu Ijumbi kutoka machimbo ya bati ya Kyerwa hana kitu zaidi ya ufundi wa kuchimba. Akamwona wifi yangu Dativa, mjane wa kaka yetu mkubwa, anavyozunguka mlima na mkungu wa ndizi kichwani hadi barabarani, mgongo umekwisha. Akaapa kumpumzisha.

Kwenye simu alikuwa ameona nchi zinazotaka kupitisha mizigo chini ya ardhi, bila moshi, bila malori kuharibu barabara. "Sisi tunashindwa nini?" akaniuliza. Nikamwambia tunashindwa akili. Wala hakujali. Alianzia kwenye ukingo wa barabara, akachimba kuelekea kibanja cha Dativa, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba yake, akategemeza dari kwa magogo, akaunda kitoroli cha kuvutwa kwa kamba. Ruhusa aliiomba kwa mwenyekiti wa kijiji, akaiomba na kwa watu wa barabara. Lakini Dativa mwenyewe, Damian hakumwuliza kitu, maana kibanja ni cha ukoo, na mjane huku kwetu huambiwa tu.

Siku ya kuzindua nilikuja kutoka Kitendaguro nilikoolewa. Kitoroli kilitokeza hapo barabarani na mkungu bila ndizi hata moja kuchubuka. Watu wakapiga makofi, na mimi niliyekuwa nikimcheka nikajaa fahari.

Dativa akauliza, "Shemeji, humo ndani umepita wapi?"

"Chini ya ile mibuni mitatu ya zamani," Damian akajibu huku akicheka.

Dativa akageukia ile mibuni. "Hapo ndipo kaka yako alipomzika mtoto wetu wa kwanza. Wewe ulikuwa Kyerwa. Hakufikisha hata wiki, hatukumjengea kaburi."

"Sikujua, shemeji."

"Hukuuliza."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mimi mwenyewe, mwanamke mwenzake, sikuwahi kumwuliza Dativa kama anaitaka hiyo njia.

"Na udongo ulioutoa," akasema kwa sauti ya chini, "uliuweka wapi?"

Damian alitazama miguu yetu. Alikuwa ameusambaza palepale kando ya barabara na kuushindilia vizuri, ili wageni wapate pa kusimama.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mimi nilivua viatu, na bado sikujua nikanyage wapi.