Nyongeza ya Mama

Kwenye ufuo wetu, nje kidogo ya Kisumu, mnunuzi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, alikuwa mmoja tu. Wengine walikuwepo, tena wengi, ila kamati ya ufuo ilishaamua: ukitaka kuanika pale, unamuuzia yeye. Na jamaa alikuwa na mazoea yake. Ukishampimia gorogoro ya mwisho, ule mkebe tunaopimia sote, anazamisha mikono yote miwili guniani na kujichotea nyongeza mwenyewe. Mimi nilikuwa nikimwona damu inanichemka. Mama alifunga tu gunia lake.

Mwaka jana akachoka. Alimpigia simu mwanamke anayeuza omena soko la Ahero, naye akaja na magunia yake. Mwenyekiti wa kamati akafika mbio.

“Mama, hii omena ni ya beach. Iko na mtu yake.”

“Mtu yake ni mimi,” Mama akamjibu. “Nimenunua kwa boti, nimeanika, nimefukuza kuku. Wewe ulikuwa wapi?”

“Basi kesho usianike hapa.”

Bila mahali pa kuanika, nyumbani kwetu hakuna chakula. Mama akawageukia wanawake wenzake waliokuwa wameinamia nyavu zao za kuanikia.

“Na hiyo yenu? Ni ya nani?”

Kisha jirani yetu mmoja, mpole hata kuku humwonea, akapaza sauti: “Yangu ni yangu!” Wa pili akaitikia, wa tatu, halafu ufuo mzima! Nilirukaruka kama mtoto, na nina ndevu. Mwenyekiti angefukuza wote, kamati yake ingebaki kutoza nani ada ya kuanika? Akaondoka akinung'unika.

Watu huniambia soko huria ni mambo ya wenye tamaa. Wangekuwa pale! Mimi niliona heshima. Niliona mtu anaulizwa, anakubali au anakataa, na jasho lake linabaki lake mpaka aseme mwenyewe. Bado nikikumbuka nasisimka.

Wiki iliyofuata yule mnunuzi wa zamani akaja, akapanga foleni nyuma ya wanunuzi wengine na kulipa bei yao. Alipomaliza kupimiwa, mikono ikaanza kwenda guniani yenyewe. Mama akamtazama. Mikono ikarudi.

“Mama, si uniongezee kidogo,” akasema polepole.

Mama akacheka, akachota kwa viganja vyote viwili, vikafurika, akammwagia.

“Kumbe unajua kuomba, Bwana? Si ningekupea tu!”